Atakayepita wa Kwanza Darajani

Zlatin Dol, 14 Aprili 1934

Mwanangu Temelko,

Marahaba, nakuitikia kabla hujaniamkia. Sisi huku wazima. Mgongo wangu ni uleule, kondoo wamezaa vizuri, na theluji imebaki kileleni tu. Wewe je? Vumbi la chokaa la huko Belgrade limekuacha upumue? Nasema mimi, anaandika Dunava mkeo, kwa hiyo ukiona mwandiko unatetemeka usidhani ni uzee wangu.

Dunava amejifungua. Ni mtoto wa kiume. Sasa tulia, usikimbilie kuwanunulia mafundi wenzako pombe ya rakia. Mtoto ni mwembamba, analia kwa sauti ya chini, titi analishika kisha analiacha. Wale wawili waliotangulia walianza hivihivi, na hakuna aliyemaliza arobaini. Dunava hapa analia. Nimemwambia afute machozi yasilowanishe karatasi, karatasi hainunuliwi kwa maji.

Nimekaa nimefikiri. Wale wawili walibatizwa na mkono wa nyumba ya mzee Spase. Nyumba hiyo ndiyo makumu wetu tangu babu wa babu yako, wao ndio wanaowashika watoto wetu kanisani na kuwapa majina. Ni watu wema, sina neno nao, lakini mkono wao kwetu umepoa. Nataka tufanye walivyofanya wazee watoto walipokuwa wanawaishia. Tumlaze mtoto darajani alfajiri, sisi tujifiche, na atakayepita wa kwanza amwokote, ampe jina, awe kumu wake na wetu maisha yote.

Nimeshakwenda kwa Spase na mkate na jibini kumwomba ruhusa. Akasema, "Badilini, Sevda. Mimi nimechoka kutembea nyuma ya majeneza madogo." Mzee wa watu aliniuma moyo.

Bila neno lako sifanyi kitu, wewe ndiye baba. Andika upesi, mwanangu. Kila asubuhi naamka naenda kusikiliza kama anapumua.

Mama yako,
Sevda


Belgrade, 20 Aprili 1934

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, kikohozi kimepungua, tunakula maharage na vitunguu kama kawaida. Nawaombea ninyi mnaokaa na mgonjwa, ndio wenye kazi.

Barua yako ililetwa nikiwa juu ya jukwaa la ujenzi na nikaisomea hukohuko, mpaka msimamizi akaniuliza kama nalipwa kwa kusoma. Mama, mlazeni. Usiningoje tena kwa neno lolote. Yeyote atakayepita, awe ombaomba, awe mlevi, awe hata yule mkusanya kodi aliyetuchukulia mbuzi, nitambusu mkono mbele ya kijiji kizima na nitamwita kumu mpaka nife. Naapa kwa kaburi la kaka Sazdo, na unajua kaburi hilo siliapii ovyo.

Tunajenga mtaa uleule alioangukia. Kila asubuhi napita pale chini. Wenzangu wanavua kofia, mimi natazama juu, naliona lile jukwaa alilolifunga Vane wa kijijini kwetu, likamwangusha kaka, ingawa lilishavunjwa zamani. Mahakama ilisema ajali. Mimi nilishasema langu: na mtu yule sitakula mkate mmoja tena, na akijua linalomfaa asikutane nami njiani.

Basi tuyaache hayo. Mwambie Dunava ale nyama, hata kama ni ya kondoo wa mwisho. Mlazeni mtoto, Mama, na mnijulishe.

Mwanao,
Temelko


Zlatin Dol, 29 Aprili 1934

Mwanangu Temelko,

Mtoto ananyonya. Nimeanza na hilo, salamu zitafuata, ili mengine uyasome ukiwa umekaa. Ananyonya mpaka Dunava analalamika, na usiku analia kwa sauti ya mtu mwenye madai. Sisi sote wazima, nawe tunakutakia uzima.

Tulimlaza Jumatano kwenye daraja la kinu cha kusagia nafaka. Aliokotwa, akabatizwa siku hiyohiyo. Anaitwa Najden, yaani aliyeokotwa, kama desturi inavyotaka kwa mtoto wa namna hii. Padre hakupinga. Mkunga Petkana amecheza ngoma jikoni kwangu, na umri wake ule.

Mengine nitakueleza siku nyingine. Dunava amechoka, na taa inaisha mafuta. Vaa soksi zile za sufu.

Mama yako,
Sevda


Belgrade, 6 Mei 1934, siku ya Mtakatifu Georgi

Mama, shikamoo, na shikamoo mara ya pili kwa habari ile.

Nimewanunulia rakia, siwezi kukuficha. Tumeimba mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Najden. Nimelisema juu ya jukwaa kwa sauti kubwa kuona linavyosikika.

Ila hapa mjini wananitania. Karani wa ofisi ya mafundi alipoliandika kwenye kadi yangu aliinua kichwa akaniuliza, "Huyu mmemtoa kituo cha yatima?" Nikamwambia mtoto ana baba na baba ndiye huyu unayemwona, unataka nikuonyeshe na mikono yake? Akaandika. Fundi mmoja kutoka upande wa Pirot naye ni Najden. Yeye aliokotwa kweli, mlangoni mwa kanisa, wakati wa vita, na jina hilo hajawahi kulipenda hata siku moja. Mchanganya chokaa wetu naye ni Najden. Huyo amerithi jina la babu yake, hajui hata lilitoka wapi, na hana shida nalo. Nimewaambia wote wawili kwamba wangu ni Najden wa aina ya tatu, wa darajani.

Sasa, Mama, umeniandikia karatasi nzima bila kunitajia kumu wangu ni nani. Umri unakuja, unasahau. Nimempa Ilko, anayekuja huko kumzika babake, kitambaa cheupe cha shati la kumu, kizuri, si kile cha sokoni. Dunava akishone. Lakini ni lazima mjue upana wa mabega yake, na mimi nataka kumjua mtu nitakayembusu mkono. Ni Doksim mchunga kondoo? Kama ni Doksim, mwambie namdai pia filimbi.

Mwanao mwenye furaha,
Temelko


Zlatin Dol, 20 Mei 1934

Mwanangu,

Tumepata kitambaa, na tumefurahi kwamba u mzima. Sikusahau. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia, na namna hiyo haipo, basi nitakuambia kama ilivyokuwa.

Nilimlaza katikati ya daraja, ndani ya kapu, nikamfunika vizuri. Mimi na Petkana tukajificha nyuma ya ukuta wa kinu. Ukungu ulikuwa mzito. Nilimtazamia Doksim, maana kila siku hupita pale na kondoo kabla ya jua. Nawe unajua masharti: humwiti mtu, humfukuzi mtu. Ukifanya hivyo umeharibu, na mtoto ndiye anayelipa.

Nikasikia hatua. Hazikuwa za kondoo. Petkana akanishika mkono akaninong'oneza, "Sevda, ni Vane."

Nilisimama, mwanangu. Nilitaka kutoka nimchukue mtoto nikimbie naye, liwalo na liwe. Petkana akanivuta sketi kwa nguvu nikakaa kwenye matope. Vane alifika juu ya daraja akasimama. Alijua ni wa nani, kijiji kizima kilijua kwamba tutamlaza. Alitazama huku na huku. Angeweza kurudi alikotoka, na mimi niliomba arudi, Mungu anisamehe, niliomba mjukuu wangu aachwe pale kwenye baridi kuliko aguswe na mikono ile. Akavua kofia. Akapiga magoti, akamwinua, akasema kwa sauti, "Nimeokota mtoto. Anaitwa Najden." Sauti ilimkatikia katikati. Akamwekea sarafu ya fedha kifuani.

Kisha akatuita tutoke. Nikatoka na matope yangu. Petkana alimbusu mkono akamwita kumu. Mimi nilimpokonya mtoto nikaondoka, na kanisani nilisimama nyuma kabisa.

Sikupanga. Najua utauliza, kwa hiyo nakujibu mapema: sikupanga. Mimi ndiye niliyemzaa Sazdo.

Mama yako,
Sevda


Belgrade, 28 Mei 1934

Mama, shikamoo.

Nimekuamkia kwa sababu ulinizaa. Baada ya hapo sijui niandike nini.

Umemweka mtoto wangu mikononi mwa mtu aliyemuua mwanao. Ulikuwa hatua chache tu, ukakaa kwenye matope kwa sababu kikongwe alikuvuta sketi. Kile kitambaa wapeni mbwa walalie.

Na yeye, kama angekuwa na haya hata kidogo, si angempa mtoto jina la Sazdo? Kumu ana haki ya kutoa jina lolote. Angalau hilo angeturudishia. Lakini akatamka la desturi akaenda zake, na sasa kila nitakapomwita mwanangu nitakuwa namtaja yeye aliyemwokota.

Sikiliza ninachotaka. Mpelekeni kwa padre abatizwe upya. Jina ni Sazdo, kumu ni Spase. Mpaka hilo lifanyike, msiniandikie habari za mtoto huyo, maana mimi wa kuitwa Najden simjui. Na usinikumbushe kiapo. Nakijua kiapo changu kuliko unavyokijua wewe. Ndicho kinachonikosesha usingizi.

Temelko


Zlatin Dol, 11 Juni 1934

Mwanangu,

Natumaini hasira haijakuharibu tumbo, maana tangu utoto ndiko inakokwenda. Sisi wazima, na mtoto mzima, umekataza nisikuandikie lakini nimekuandikia.

Nilikwenda kwa padre nikamwuliza. Alinitazama kama nimemwomba amrudishe ndama tumboni mwa ng'ombe. Mtu habatizwi mara mbili, na kumu hafutwi. Nikamwambia mwanangu ameapa kutokula mkate na mtu yule. Akasema, "Na wewe je, Sevda?" Nikageuka nikatoka.

Kiapo chako sikukumbushi. Ila unasema angempa jina la Sazdo. Ningelisikia jina hilo likitoka kwenye mdomo ule, ningetoka nyuma ya ukuta na jiwe, na leo ungekuwa unanitembelea gerezani Skopje. Alifanya la maana kunyamaza.

Na unalidharau jina bure. Karani wa Belgrade na acheke, hapa hakuna anayecheka. Mjomba wa babu yako alikuwa Najden, alilazwa darajani hapohapo, akaja kuzika wake watatu na bado akataka wa nne. Mwenye kinu, babake alikuwa Najden wa kuokotwa kweli, hakuna aliyejua ametoka wapi, na alipokufa watu walitoka vijiji vyote kuja kumlilia. Yule Najda wa kilimani, jina lilelile kwa mtoto wa kike, mamake alimpata akiwa na mvi, wakati ameshagawa nguo zote za watoto. Wengine waliitwa hivyo ili wasife, wengine kwa sababu waliachwa, wengine kwa sababu hawakutarajiwa. Wote wameishi na jina lao.

Nakuomba usitufunge mlango.

Mama yako,
Sevda

Mume wangu, haya ni yangu mwenyewe, mama ametoka kwenda kukamua. Mtoto amenenepa mapaja. Usimnyang'anye alichopewa. Mimi nimezika wawili, na mara zote mbili wewe ulikuwa Belgrade. Huyu akienda, sitakuwa na nguvu za kukuandikia. Dunava.


Belgrade, 17 Septemba 1934

Mama, shikamoo. Dunava, salamu.

Msidhani nilikuwa mgonjwa. Majira yote ya joto niliandika nikachana, niliandika nikachana. Maneno ya Dunava ni ya kweli.

Lakini wewe, Mama, nina la kukujibu. Nimetoa barua zako zote nikazisoma tena kwa mpangilio. Jina la mtoto umelitaja mara moja kunipa habari, na mara moja ukieleza alichosema Vane. Basi. Baada ya hapo ni mtoto, mtoto, mtoto. Umenihesabia akina Najden wa kijiji kizima, walio hai na waliokufa, ila wa kwako mwenyewe humwiti. Unalala naye chumba kimoja na huwezi kulitamka jina alilopewa na mtu yule. Sasa mimi niliye mbali utanilazimishaje? Wewe na mimi ni wamoja, tofauti yetu ni kwamba mimi nimesema waziwazi.

Narudi siku ya Mtakatifu Dimitri, mwezi wa Novemba, pamoja na mafundi wengine. Nitapita kwa Vane kabla sijafika nyumbani. Mwambie au usimwambie, kwangu ni sawa. Zlatin Dol haitutoshi sisi wawili, na mmoja atahama, kwa miguu yake au kwa kubebwa.

Temelko


Zlatin Dol, 10 Oktoba 1934

Mwanangu Temelko,

Salamu za uzima kutoka kwetu, na kama unaumwa popote Mungu akuponye. Barua yako ilinipata. Dunava alinisomea mpaka mwisho, kisha hakuinua macho, akawa anaikunja na kuikunjua. Umenigusa penyewe. Nilimwita kitoto, nilimwita kondoo wangu, nilimwita wewe uliyelowa, lakini jina lake sikumwita. Ulimi ulikataa.

Jumapili nilivaa nguo za kanisani nikaenda kwa Vane. Ua ule sikuwa nimeukanyaga tangu tulipomzika Sazdo. Stamena mkewe aliponiona alidondosha ndoo ya maziwa, na hakuna aliyeinama kuiokota. Nikakaa bila kukaribishwa. Nikamwambia Vane, "Nataka kusikia kwako, si kwa mahakama. Ulilifunga wewe jukwaa lile?"

"Nililifunga mimi."

"Ulilifunga vibaya?"

Akasema, "Asubuhi ile ilikuwa ya barafu, mama, vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Fundo moja nililijua si zuri. Nikasema nitalirudia tukishakunywa chai. Sazdo hakungoja chai, akapanda."

Nilikuwa nategemea atanipa kisingizio, nipate kumchukia vizuri. Hakunipa. Alikaa pale mikono juu ya magoti akiningoja nifanye nitakalo.

Sikumsamehe. Nimemwambia Dunava aliandike hilo kwa herufi kubwa ili usije ukasema mama amelainika. SIKUMSAMEHE. Kisha nikambusu mkono nikamwita kumu, kwa sababu ndiye kumu wetu. Ni mambo mawili, na yote mawili nimerudi nayo nyumbani, na yananipa taabu yote mawili.

Nilipofika nilimchukua kutoka kwa Dunava nikamwita: Najden. Akageuka akanitazama usoni. Kumbe jina lake amelijua siku nyingi, Dunava alikuwa anamwita nikitoka. Nililia, mwanangu, nikaona aibu mbele ya mkaza mwanangu.

Sasa Vane anajua unakuja. Stamena anamsihi aende kwa shemeji zake mpaka majira ya baridi yapite, yeye amesema hatatoka mlangoni kwake siku hiyo. Mimi sikuombi umsamehe, nitaombaje kitu ambacho sina? Nakuomba usimnyang'anye Najden kumu wake. Kama una kisu safarini, kiache kwenye treni. Tangu nipate barua yako sijalala, na Dunava amekwisha kwa kukonda.

Mama yako, bibi yake Najden,
Sevda


Belgrade, 19 Mei 1935

Mama, shikamoo.

Tulifika salama, treni ilichelewa Niš, mkate wako uliisha kabla ya Lapovo. Mimi mzima. Nyote mko wazima? Najden ameshaachia ukuta, au bado anatembea ameushika?

Majira yote ya baridi hukuniuliza tulisemezana nini na Vane siku ile ya Mtakatifu Dimitri. Uliniona nimeingia mzima, ukasikia naye ni mzima, ukanipakulia maharage ukanyamaza. Nashukuru kwa hilo. Pale nyumbani nisingeweza kukuambia nikikutazama usoni. Hapa naweza.

Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti, amevaa nguo za kanisani. Stamena alikuwa dirishani, mkono mdomoni. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu nilipopanda treni, na kisu sikukiacha popote, nilikuwa nacho mfukoni. Akasimama akasema, "Sema, kumu. Nihame, nitahama leo hii. Unipige, sitainua mkono. Ila jina usimwondolee mtoto, yeye hana kosa."

Nilimtazama. Kazeeka, Mama, wakati mimi na yeye tulianza shule siku moja. Stamena aliniambia kutoka dirishani kwamba tangu Sazdo afe, Vane hajapanda hata ngazi ya ghala la nyasi, nyasi anapanda kushusha yeye mkewe. Ndipo yale maneno yangu yote yakanitoka kichwani, nikasema mengine. Nikamwambia, "Huhami. Lakini pia hutakaa hapa chini ukitengeneza kuta za mazizi mpaka uzeeke, na kaka yangu yuko ardhini. Siku ya Mtakatifu Georgi unakuja nami Belgrade. Utafunga majukwaa. Na atakayepanda wa kwanza kila asubuhi ni mimi."

Alikataa. Alinishika koti kwa mikono yote miwili, akalia, akasema nimwombe lolote lakini si hilo. Nikamwambia hilo ndilo ninaloomba, jingine sina.

Ndiyo maana ulituona tukiondoka pamoja, ukafanya ishara ya msalaba ukidhani tumepatana. Sijui kama tumepatana. Kumbusu mkono kanisani mbele ya watu haikunishinda, ni desturi, mdomo unafanya wenyewe. Njiani hatukuongea mpaka Skopje. Baadaye akaniuliza Najden ana meno mangapi, nikamjibu.

Jana tulianza ghorofa ya nne. Vane alifunga jukwaa tangu kabla ya jua, akachukua muda mrefu mpaka msimamizi akaanza kumtukania mama. Hakumsikia. Alipomaliza akashuka, akasimama kando ya ngazi. Nikakagua mafundo. Nilikagua kila moja, kwa mkono, mbele yake, nikavuta na kuvuta, na yeye aliniangalia nikikagua. Yalikuwa mazuri. Nilijua ni mazuri, na bado nikalirudia la kwanza. Sitakudanganya, niliogopa. Wenzangu wote walikuwa wameacha kazi wanatutazama.

Nikamwambia, "Haya, kumu, nishikie ngazi."

Akaishika. Nikapanda mpaka juu, nikasimama kwenye mbao, zikanibeba. Nilipotazama chini bado ameishika kwa mikono miwili, kichwa amekilaza kwenye ngazi, na msimamizi anamwambia aachie watu wengine wapande, na yeye haachii.

Nibusie Najden. Dunava mwambie namwandikia kesho, barua yake peke yake.

Mwanao,
Temelko